Operesheni ya Pili ya Tommy John

Operesheni za Tommy John zilikuwa mbili, na watu wanakumbuka moja. Ya kwanza ilifanyika Septemba 1974, kwenye kiwiko cha kushoto cha mrushaji wa besiboli wa timu ya Los Angeles Dodgers, na ndiyo iliyobeba jina lake mpaka leo. Ya pili ilifuata Desemba mwaka huohuo, kiwiko kilekile, daktari yuleyule. Hiyo haina jina. Mimi kwa kazi ninayoifanya naona hiyo isiyo na jina ndiyo iliyomrudisha uwanjani.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi Eldoret. Mji huu ni wa wakimbiaji, kwa hiyo siku zangu nyingi huishia kwenye magoti, nyonga na misuli ya paja. Warusha mkuki ni wachache, na huja zaidi msimu wa mashindano ya shule za upili. Hata hivyo karibu kila mmoja wao amelisikia jina la Tommy John. Hawajui alicheza mchezo gani. Wapo wanaodhani ndiye daktari. Wanachojua ni kwamba kuna operesheni ya kiwiko ambayo ukifanyiwa unarudi ukirusha mbali kuliko mwanzo. Si kweli, na madaktari wa Marekani wamelalamika miaka mingi kwamba hata wazazi huko huwaletea watoto wasioumwa wakitaka wapasuliwe wapate nguvu. Lakini nikimuuliza kijana kidole chake cha mwisho kikoje, ananishangaa. Amekuja na kiwiko, vidole vinahusu nini?

Kunja mkono wako, kisha kwa kidole cha shahada cha mkono wa pili utafute kifundo cha mfupa kilicho upande wa ndani wa kiwiko, ule unaoelekea mbavuni. Nyuma yake kuna mfereji. Ndani ya mfereji huo inapita neva ya ulna, mshipa wa fahamu unaotoka shingoni, ukashuka kwa ndani ya mkono, ukaenda kuishia kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Unene wake ni milimita chache, na ukiubonyeza taratibu utauhisi ukiteleza chini ya kidole. Hapo ndipo unapojigonga kwenye ukingo wa meza ukahisi umepigwa na stima mpaka kwenye kucha.

Neva nyingine za mkono zimefichwa ndani ya nyama. Hii imepita juujuu, nyuma ya mfupa, na kila ukikunja kiwiko inabidi ivutike kuuzunguka mfupa huku mfereji wenyewe ukiibana. Kwa watu wengine, kama 1 kati ya 6, neva huruka ikatoka mferejini mkono unapokunjwa na kurudi unaponyooshwa. Wengi wao huzeeka bila kujua. Anayerusha vitu kwa kazi hana bahati ya kutojua.

Mtazame mrusha mkuki pale anapokita mguu wa mwisho. Kifua kinatangulia, mkono unabaki nyuma, na kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kiwiko kinataka kufunguka kwa upande wa ndani. Kwa warushaji wa besiboli wa kulipwa imepimwa: kiwiko hunyooka kwa kasi inayozidi digrii 2,000 kwa sekunde. Na mpira wao haufiki gramu 150. Mkuki wa wanaume una gramu 800, wa wanawake 600. Kinachozuia kiwiko kisifunguke ni ligamenti ya ndani, utepe mfupi unaofunga mfupa wa juu na wa chini. Sasa sikiliza hili, maana mambo yote yanayofuata yamo humo: sakafu ya ule mfereji wa neva ni sehemu ya ligamenti hiyohiyo. Ligamenti ikilegea, neva inavutwa. Ligamenti ikivimba, neva inabanwa. Daktari akienda kuirekebisha ligamenti, lazima kwanza amalizane na neva.

Madaktari waliijua neva hii kabla ya kuwajua wanamichezo. Photinos Panas, Mgiriki aliyefanya kazi Paris na anayekumbukwa zaidi kwa matibabu ya macho, aliandika mwaka 1878 kuhusu watu ambao mkono ulipooza polepole kwa sababu ya kiwiko kilichoumia zamani. Mwaka 1898 daktari Curtis wa New York akaripoti kwamba ameitoa neva nyuma ya mfupa na kuihamishia mbele. Wazo lenyewe halihitaji shahada kulielewa: kama njia ya nyuma ndiyo inayoivuta, ipitishwe mbele, ambako kukunja mkono kunailegeza. Zaidi ya karne baadaye, hiyo bado ni mojawapo ya tiba kuu.

Kisha ikaja Vita Vikuu vya Kwanza, na vita ndivyo vilivyowafundisha madaktari kuisoma neva kwa mikono mitupu. Risasi na vipande vya mizinga vilikata neva za maelfu ya vijana, na hospitali za Ufaransa na Ujerumani zikajaa mikono isiyoshika kitu. Mwaka 1915 Jules Tinel alieleza jinsi kuigonga neva kwa ncha ya kidole kunavyomletea mgonjwa msisimko unaotambaa, na kwamba mahali msisimko huo unapoanzia panaonyesha neva inayoota imefika wapi. Mwaka huohuo, upande wa pili wa mstari wa vita, Mjerumani Paul Hoffmann aliandika jambo lilelile. Na bado mwaka huohuo Mfaransa mwingine, Jules Froment, akaeleza kipimo kinachohitaji gazeti tu. Mgonjwa hubana karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, daktari anavuta. Neva ya ulna ikiwa nzima, kidole gumba hubaki kimenyooka. Ikiwa imeumia, msuli unaokivuta kidole gumba kuelekea kiganja hauna nguvu, mkono unaiba nguvu kwenye neva nyingine, na kiungo cha juu cha kidole gumba kinajikunja chenyewe.

Nina mashine chache kliniki, na ipo moja ya kupima kasi ya umeme kwenye neva ambayo hatuna. Kwa hiyo humtuma mgonjwa mbali na hurudi na karatasi na deni. Gazeti la Froment ninalo kila siku. Msimu mmoja aliletwa kijana wa kidato cha tatu kutoka upande wa Nandi, mrefu, mabega mapana, kiwiko cha kulia kimevimba kidogo kwa ndani. Kocha wake alikaa pembeni akiwa bado na filimbi shingoni.

"Inauma wapi?"

"Hapa ndani, madam. Nikirusha tu. Nikiacha inatulia."

"Na kidole hiki?"

"Hicho kimelala tangu mwezi wa tatu. Tuliambiwa ni baridi, nikawa napaka dawa ya kuchua."

Kwenye ubavu wa kidole hicho cha mwisho palikuwa na alama ya moto, duara dogo lililokwisha kukauka. Nikamuuliza. Alikuwa amesaidia jikoni nyumbani, akaegemeza mkono kwenye sufuria, na hakujua ameungua mpaka dada yake alipomwambia anuse. Nikachana ukurasa wa michezo, nikampa aubane, nikamwambia, "Shika sana, nisikunyang'anye." Akabana kwa nguvu zake zote mpaka shingo ikatoa mishipa. Kidole gumba kikajikunja, karatasi ikatoka. Mkono wa kushoto, karatasi ileile, ilichanika kabla haijatoka. Kocha akaja kujaribu mwenyewe, mkono kwa mkono, akarudi kukaa bila neno. Hakuhitaji nimweleze Ufaransa ya 1915 ili aone.

Tuendelee. Mwaka 1942 Mskoti James Learmonth, yule aliyekuja kumpasua Mfalme George VI mwaka 1949, alieleza namna ya kuihamisha neva na kuilaza ndani, chini ya misuli ya kigasha, ili isigongwe tena. Mwaka 1957 Osborne wa Liverpool akaonyesha utepe unaoifunika neva inapoingia kigashani, na kwamba mara nyingine kuukata utepe huo kunatosha. Mwaka uliofuata Wakanada Feindel na Stratford wakaupa mfereji wa kiwiko jina ambalo vitabu vinalitumia mpaka sasa. Wagonjwa wa madaktari wote hawa walikuwa vibarua, askari, watu waliovunjika kiwiko utotoni. Wanamichezo walikuwa wakihesabiwa kwingine, na waliowahesabu kwanza ni watu wa mkuki.

Wafini wana mkuki kama sisi tulivyo na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mwaka 1920, Olimpiki ya Antwerp, walichukua nafasi nne za kwanza, Jonni Myyrä akiwa mbele yao wote, na akarudia dhahabu Paris 1924. Mwaka 1932 Matti Järvinen na wenzake wakachukua medali zote tatu. Mshindi wa 1948, Tapio Rautavaara, alikuwa pia mwimbaji na mwigizaji wa filamu, na nadhani kwao anakumbukwa kwa nyimbo kuliko kwa mkuki. Taifa linalorusha hivyo haliwezi kukosa viwiko vibovu. Mwaka 1946 daktari Waris alichapisha kwenye jarida la upasuaji la nchi za Skandinavia makala kuhusu viwiko vya warusha mkuki, na wanaoandika historia ya ligamenti hii huanzia kwake. Mwaka 1960 daktari Miller akaandika tena juu ya kiwiko cha mrusha mkuki, safari hii kwenye jarida la mifupa la Uingereza. Kuanzia hapo gumzo likawa ligamenti na mfupa.

Ng'ambo ya Atlantiki mambo yalikuwa yakienda kivyake. George Bennett wa Baltimore aliandika mwaka 1941 juu ya mabega na viwiko vya warushaji wa besiboli wa kulipwa. Mwaka 1960 jina la kiwiko cha mtoto wa ligi ndogo likaingia kwenye vitabu, yaani mfupa wa mtoto anayerushishwa mno unaovutwa pale unapokulia. Mwaka 1971 Godshall na Hansen wakaandika moja kwa moja juu ya neva ya ulna kwa warushaji wa umri wa kubalehe. Makala hiyo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila chumba cha vifaa vya michezo, lakini ilipita kimyakimya. Besiboli ilikuwa na imani yake: mkono ni wa kutumika mpaka uishe. Sandy Koufax wa Dodgers alishinda mechi 27 mwaka 1966, kisha akastaafu mwaka huohuo akiwa na miaka 30, kwa sababu kiwiko chake kilikuwa kimeliwa na baridi yabisi. Hakuna aliyeshangaa sana.

Dodgers hao ndio waliokuwa na Tommy John. Tarehe 17 Julai 1974, uwanjani kwao, dhidi ya Montreal, alirusha mpira na mkono ukakataa. Msimu huo alikuwa ameshinda mechi 13 na kupoteza 3. Ligamenti ya ndani ya kiwiko cha kushoto ilikuwa imekatika.

Daktari wa timu, Frank Jobe, alikuwa mhudumu wa tiba katika jeshi la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Baadaye, katika hospitali iliyokuwa ikitibu wagonjwa wa polio huko California, aliona jinsi madaktari walivyochukua kano mahali isipohitajika sana na kuipeleka kwenye mkono au mguu uliopooza. Akajiuliza kwa nini kano isishike kazi ya ligamenti. Ipo kano moja inayofaa: weka kidole gumba na kidole cha mwisho pamoja, kunja kiganja kidogo, na kamba nyembamba itajitokeza katikati ya kifundo cha mkono. Wengine hawana kabisa na hawajawahi kuikosa. Jobe aliichukua kwenye mkono wa kulia wa John, akatoboa matundu kwenye mifupa ya kiwiko cha kushoto, akaipitisha. Alimwambia mapema kwamba nafasi ya kurudi kucheza ni 1 kati ya 100.

Hapa ndipo hadithi maarufu inaporuka mwaka mzima na kutua 1976, John akiwa amesimama tena kwenye kilima cha mrushaji. Mimi nataka tusiruke.

Baada ya operesheni ya kwanza ligamenti mpya ilikaa vizuri, lakini mkono ulianza kufa. Vidole vilikufa ganzi, vikajikunja, mkono ukawa wa makucha. Hiyo ni sura ya neva ya ulna iliyoumia. Misuli midogo ya ndani ya kiganja, ile inayonyoosha vidole na kuvikusanya, karibu yote inatawaliwa na neva hiyo. Ikinyamaza, misuli mikubwa ya kigasha huvikunja vidole bila wa kuipinga. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na kiwiko kigumu kama chuma na bado ashindwe kufunga kifungo cha shati. Kwa mrushaji ni mwisho, maana mpira hauongozwi na kiwiko, unaongozwa na vidole vinavyouachia. Desemba Jobe akamfungua tena, akaikomboa neva, akaipitisha njia nyingine.

Halafu ikabaki kungoja. Neva iliyokatika nyuzi zake huota kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku; ndicho kipimo tulichofundishwa chuoni na ndicho ninachokiona kazini. Toka kiwikoni mpaka misuli ya kiganja cha mwanamume mrefu ni kama sentimita 30. Piga hesabu: siku 300, miezi kumi, kuanzia Desemba 1974. Unafika vuli ya 1975, na ndiyo vuli aliyokuwa akirusha tena mazoezini Arizona. Vitabu vya besiboli husema alikosa msimu wa 1975 kwa ajili ya ligamenti. Ligamenti nayo ilihitaji muda wake, sibishi. Lakini neva ndiyo iliyokuwa na kalenda, na misuli isiyopata neva kwa zaidi ya mwaka hivi huanza kugeuka kuwa kitu kisichoamka tena. Alipona ndani ya dirisha, na dirisha halikuwa pana.

Wakati huo mchezaji mwenzake, Mike Marshall, aliyekuwa akisomea sayansi ya mwendo wa mwili, alimfundisha kurusha upya, mwili ukielekea moja kwa moja mbele bila kuusokota sana mguu. Hilo nalo halisimuliwi inavyostahili. John alirudi Aprili 1976, mwaka uliofuata akashinda mechi 20, na akacheza mpaka 1989 akiwa na miaka 46. Alimaliza na ushindi wa mechi 288, na 164 kati ya hizo zilikuja baada ya operesheni.

Jobe hakuharakisha kumfanyia mtu mwingine. Mchezaji wa pili, Brent Strom, alifanyiwa 1978. Na ukitazama alichokichapisha, utaona jambo ambalo mimi lilinifanya niisome habari yote hii upya. Makala yake na wenzake kuhusu kubanwa kwa neva ya ulna kwa wachezaji wa besiboli ilitoka mwaka 1977. Makala ya ligamenti, ile iliyoitangaza operesheni kwa dunia, ilitoka 1986. Neva ilitangulia kwa miaka tisa. Aliyeibuni operesheni alijua vizuri ni wapi alikoponea chupuchupu.

Makala ya 1986 yenyewe ina wanamichezo 16. Kumi kati yao walirudi kwenye kiwango chao cha zamani, na waandishi hawakuficha kwamba matatizo makubwa yalikuwa ya neva. Mwaka 1992 kliniki hiyohiyo ikatoa hesabu kubwa zaidi: kama mgonjwa 1 kati ya 5 alipata shida ya neva baada ya kupasuliwa, na wengine walirudishwa mezani. Sababu ilikuwa njia waliyopita. Ili kuifikia ligamenti walikuwa wakiikata misuli ya kigasha pale inaposhikilia mfupa, wakiinua neva yote toka kitandani mwake, na kuilaza chini ya misuli kwa namna ya Learmonth. Neva hulishwa na mishipa midogo ya damu iliyo pembeni yake. Ukiinyanyua sentimita nyingi unaitia njaa, na kovu linalofuata huikaba.

Kilichobadilisha mambo ni unyenyekevu wa kisu. Madaktari wa kliniki ya Jobe walianza kuipasua misuli kwa kufuata nyuzi zake, katikati, kama unavyotenganisha nyuzi za mkonge, bila kuikata na bila kuigusa neva. Walipotoa matokeo mwaka 2001, shida za neva zilikuwa zimeshuka sana na zilizotokea zilikuwa za kupita. James Andrews wa Birmingham, Alabama, ambaye mikono mingi mashuhuri ya Marekani imepita kwake, alishika njia nyingine: yeye aliihamisha neva kila mara, ila aliilaza juu, chini ya ngozi tu. Mabishano hayo hayajaisha, ingawa wengi siku hizi huihamisha kwa mgonjwa ambaye tayari ana ganzi au udhaifu, na humwacha asiye navyo. Nikiruhusiwa kuwa na upande, nipo na wanaoiacha. Jobe alifariki 2014, mwaka mmoja baada ya jumba la heshima la besiboli la Cooperstown kumtuza.

Sasa turudi kwetu, maana mkuki umeingia Kenya kwa mlango usio wa kawaida. Julius Yego, kijana wa Nandi, alijifunza sehemu kubwa ya ufundi wake kwa kutazama video za Jan Železný na Andreas Thorkildsen kwenye YouTube, kisha akapata nafasi ya mafunzo Kuortane, Finland, kwa kocha Petteri Piironen. Agosti 2015, Beijing, akarusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akaleta fedha ya Olimpiki kutoka Rio. Nchi ilipiga kelele, na kila shule ya huku juu ikatafuta mkuki.

Mimi nilishangilia pia. Ila wanaosimulia husahau Kuortane. Video inakuonyesha mguu, nyonga, bega, mkuki unapoachiwa. Haikuonyeshi kwamba mkono wako umeshuka na unapita pembeni ya bega badala ya juu yake, kosa ambalo linakupa mita mbili tatu za bure leo na linalipiwa na upande wa ndani wa kiwiko. Wafini walikuwa na miaka zaidi ya 60 ya kuandika viwiko vya watu wao kabla Yego hajafika kwao. Kocha wa Kifini akiona mkono umeshuka, anasimamisha mazoezi. Kocha wetu wa shule, ambaye pia anafundisha jiografia na anasimamia bweni, ana mkuki mmoja kwa wanafunzi kumi na mbili na mashindano ya kaunti wiki ijayo. Simlaumu sana. Ninachomlaumu ni dawa ya kuchua. Ganzi ya kidole haichuliwi kiwikoni. Ukiisugua neva iliyokwisha kuvimba ndani ya mfereji mwembamba, unaiongezea ugomvi.

Dalili zenyewe hazijifichi ukizijua. Ganzi kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, ikizidi usiku kwa anayelala amekunja mkono. Kalamu kuchoka haraka darasani. Kidole cha mwisho kujitenga na wenzake, kikanasa kwenye mfuko wa suruali. Na katika hatua mbaya, bonde kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kwa nyuma ya kiganja, misuli ikiwa imenywea. Nikiliona bonde hilo simfanyii mazoezi yoyote. Namwandikia barua aende kwa daktari wa upasuaji wiki hiyohiyo, kwa sababu ya lile dirisha.

Kijana wa kidato cha tatu hakuwa na bonde. Tulimfunga taulo kiwikoni kila usiku ili mkono usikunjike akilala, akaacha kurusha kabisa, na karatasi nikawa naivuta kila alipokuja. Mashindano ya mwaka huo alihudhuria kama mshika futi wa kupima umbali, na alinuna. Hisia zilianza kurudi kabla ya likizo ya Agosti. Nguvu ya kidole gumba ilichelewa, kama kawaida, mpaka karibu na mitihani ya mwisho wa mwaka. Sasa anarusha mpira mdogo wenye uzito wa nusu ya mkuki, akiwa amesimama bila kukimbia, mkono ukipita juu ya bega, na kocha anamrekodi kwa simu kutoka nyuma na kunitumia. Siku kidole kikilala tena, wanaacha na kunipigia.